Tumbo Joto: Hofu ya Mgonjwa Kabla ya Kupasuliwa Tumbo

Mtu aliyejawa na wasiwasi husemwa kuwa ana tumbo joto. Aliyekatishwa tamaa husemwa amekatwa maini. Na anayetaka kutapika, hasa katika mwambao, hulalamika kuwa moyo unamchafuka, ijapokuwa kinachochafuka si moyo bali ni mfuko wa chakula ulio chini yake. Misemo hii haikutungwa na wanasayansi, lakini inaonyesha uangalifu mkubwa wa watu walioitunga. Hofu huzaliwa katika ubongo, nayo hupiga hodi tumboni. Mwanafunzi anayengoja kuingia katika chumba cha mtihani, akalazimika kwenda msalani mara tatu katika muda wa nusu saa, analijua jambo hilo bila kufundishwa.

Jambo hilo huwa zito zaidi kwa mgonjwa anayengoja kupasuliwa tumbo. Kwake yeye, sehemu ile ile ya mwili inayopokea hofu ndiyo itakayokatwa. Katika hospitali za Afrika ya Mashariki watu hulazwa kila siku kwa ajili ya kidole tumbo, ngiri, utumbo uliojisokota, utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, mawe katika mfuko wa nyongo, au saratani ya umio na ya utumbo mpana. Kabla ya upasuaji hupimwa damu, mkojo, joto na mapigo ya moyo. Hofu aghalabu haipimwi. Huchukuliwa kuwa ni udhaifu wa tabia, na mgonjwa huambiwa ajikaze. Hata hivyo hofu ni tukio la mwili kama homa ilivyo. Huonekana kwa macho, hupimika, ina athari zake juu ya matumbo na juu ya kidonda, na sehemu yake kubwa hupunguzwa kwa dawa isiyonunuliwa dukani, yaani maelezo ya kweli yanayotolewa kwa wakati wake.

Tundu la kuchungulia

Mnamo tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac kaskazini mwa Marekani, kijana wa Kikanada aitwaye Alexis St. Martin, mfanyakazi wa kampuni ya biashara ya manyoya, alipigwa na bunduki ya marisau iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu. Kijana alipona, lakini jeraha halikuziba: palibaki tundu lililotoka kwenye ngozi hadi ndani ya mfuko wa chakula. Kwa miaka kadhaa Beaumont alilitumia tundu hilo kama dirisha, akitumbukiza vipande vya nyama vilivyofungwa kwa uzi na kuvitoa tena ili aone vilivyomeng'enywa. Kitabu chake cha mwaka 1833 hutajwa mashuleni kwa habari za asidi ya mfuko wa chakula. Kinachosahauliwa ni kwamba Beaumont aliandika pia kuwa hofu na hasira huubadilisha utando wa ndani, ukapoteza rangi na ulaini wake wa kawaida. Na St. Martin alikuwa na sababu za kukasirika: alikuwa maskini, alifungwa kwa mkataba ili achunguzwe, na mwaka 1825 aliondoka kwenda kwao Kanada bila kumwaga daktari wake.

Uchunguzi wa pili ulifanywa kwa paka. Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mwaka 1895, na mwaka uliofuata mwanafunzi wa udaktari wa chuo cha Harvard, Walter Cannon, alianza kuitumia miale hiyo kutazama chakula kikipita ndani ya wanyama walio hai. Alikichanganya chakula na madini ya bismathi ili kionekane. Aliona mfuko wa chakula wa paka ukijikunja kwa mawimbi yanayofuatana kwa utaratibu. Lakini paka alipofadhaika, mawimbi yalikoma kabisa. Alipotulizwa, yalirudi. Cannon alikuja kuyaunganisha mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1915 kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira, na kutoka kwake ilienea fikra kwamba mnyama mwenye hofu huuandaa mwili wake ama kupigana ama kukimbia.

Hata hivyo ushahidi ulio wazi kuliko yote ulitoka kwa mtu anayejulikana katika vitabu kwa jina la Tom tu. Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 9, Tom alikunywa supu ya moto mno iliyouunguza umio hata ukaziba. Ili asife kwa njaa, madaktari walimtoboa tumbo na kuufungulia mfuko wa chakula nje, na tangu hapo alijilisha kupitia tundu hilo. Alikua, akaoa, akafanya kazi. Alipokuwa mtu mzima madaktari wawili wa New York, Stewart Wolf na Harold Wolff, walimpa kazi katika maabara yao, naye akakubali utando wa mfuko wake utazamwe kila siku. Waliipima rangi ya utando huo kwa kipimo maalumu, kwa kuwa wekundu wake unaonyesha wingi wa damu iliyopo.

Asubuhi moja daktari mmoja aliingia ghafla akiwa amekasirika, akafungua saraka moja baada ya nyingine, huku akilaani, akitafuta karatasi zake muhimu. Tom ndiye aliyekuwa akipanga vitu vya maabara, na karatasi hizo alikuwa amezipoteza mahali yeye mwenyewe jana yake. Akaogopa kufukuzwa kazi. Hakusema neno wala hakujongea. Uso wake ulipauka, na wakati huo huo utando wa mfuko wake ulishuka kutoka kipimo cha 90 hadi 20. Ulibaki hivyo kwa muda wa dakika tano, hadi daktari alipozipata karatasi zake na kutoka. Kisha wekundu ukarejea. Hayo, pamoja na mengine mengi, yalichapishwa katika kitabu cha mwaka 1943. Anayefikiri kuwa hofu ni kitu cha mawazo matupu na aitafakari habari hiyo: damu iliondoka katika kiungo cha ndani kwa sababu ya saraka zilizofunguliwa kwa kishindo.

Njia mbili za hofu mwilini

Hofu hushuka kutoka ubongoni kwa njia mbili, moja ya haraka na moja ya polepole.

Njia ya haraka hupita katika neva zinazoitwa simpathetiki. Katika sekunde chache neva hizo huamsha moyo, hubana mishipa midogo ya damu ya matumbo, hulegeza mawimbi ya mfuko wa chakula, na kuziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini katika damu. Damu huelekezwa kwenye misuli ya miguu na mikono. Kwa swala anayekimbizwa na chui utaratibu huo ni wokovu, kwa kuwa hakuna faida ya kumeng'enya majani ikiwa baada ya dakika mbili mwenye kumeng'enya ataliwa. Kwa mgonjwa aliyelala chali juu ya machela hakuna pa kukimbilia.

Njia ya polepole ni ya kemikali. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamsha tezi za juu ya figo kutoa kortisoli. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na athari zake hudumu kwa saa nyingi. Homoni ile ya kwanza ya haipothalamasi ina tabia ya ajabu: huupunguzia mwendo mfuko wa chakula na papo hapo kuuharakisha utumbo mpana. Kwa hiyo mtu huyo huyo mwenye hofu hushindwa kula na hukimbilia chooni. Mwalimu anaweza kuwaeleza hivyo wanafunzi wake asubuhi ya mtihani, na pengine maelezo yenyewe yatawapunguzia safari.

Matumbo, kwa upande wao, si mpira unaosukumwa tu. Kuta zake zina chembe za neva zaidi ya milioni 100, na hizo zaweza kuendesha mawimbi ya utumbo hata bila kuamriwa na ubongo. Mawasiliano kati ya ubongo na matumbo ni ya pande mbili. Tumbo lililo gonjwa hupeleka habari zake juu, na ubongo wenye hofu huzisoma habari hizo kwa kuzikuza.

Kortisoli inahusika pia na kupona kwa kidonda. Mwaka 1995 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Ohio, Marekani, juu ya wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza jamaa zao waliopoteza kumbukumbu kwa ugonjwa wa ubongo, kazi inayochosha na kuhuzunisha kwa miaka. Walilinganishwa na wanawake wengine 13 wa umri kama wao. Kila mmoja alitiwa jeraha dogo la milimita 3.5. Majeraha ya watunzaji yalichelewa kupona kwa siku 9 hivi kwa wastani. Ni lazima isemwe kwamba hiyo ilikuwa dhiki ya muda mrefu, wala si hofu ya usiku mmoja; lakini mgonjwa wa saratani ya utumbo aliyengoja upasuaji kwa miezi mitatu hayuko mbali na hali ya wanawake wale.

Kwa nini tumbo

Kila upasuaji unatisha, ila wa tumbo una mambo yake. Jina lenyewe halisaidii: mtu huambiwa atapasuliwa, kama kuni. Dawa ya usingizi nayo huitwa nusukaputi, na neno kaputi hunasibishwa na neno la Kijerumani lenye maana ya kitu kilichoharibika kabisa. Mgonjwa anayelisikia huelewa kuwa atauawa nusu, na swali lake la haki ni nani atakayeihakikisha ile nusu nyingine.

Kisha kuna aibu. Matumbo ni mahali pa haja, na haja haizungumzwi mbele za watu. Mgonjwa hupigwa bomba la kusafisha utumbo, huvuliwa nguo, huingizwa mpira puani na mwingine wa mkojo. Wengine, hasa wenye saratani ya sehemu ya chini ya utumbo mpana, huambiwa kuwa haja yao itatoka katika tundu lililo ubavuni na kupokewa na mfuko. Mtu huyo huogopa upasuaji, lakini zaidi huogopa maisha yatakayofuata: atakaaje msikitini au kanisani, atapandaje basi, mwenzi wake atasemaje. Daktari anayemweleza habari za nyuzi na dawa ya usingizi tu huwa hajagusa hofu yake.

Na kuna hofu ya kutoamka, iliyo kubwa kuliko zote katika mazungumzo ya wodini. Hofu hii haistahili kudharauliwa, wala haistahili kuachwa bila kusahihishwa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa kwa sababu mbalimbali. Karibu 2 kati ya kila 100 walifariki, na kwa wale ambao upasuaji wao haukuwa wa dharura, kiwango cha vifo kilikuwa takriban mara mbili ya wastani wa dunia. Lakini katika waliofariki, 94 kati ya kila 100 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Kwa maneno mengine, mgonjwa huogopa meza ya upasuaji, na hatari yenyewe humngojea kitandani, katika siku zinazofuata: maambukizo, kutokwa damu, vichomi. Hapo ndipo anapoweza kujisaidia yeye mwenyewe kwa kuvuta pumzi ndefu, kukohoa, kugeuka na kutembea. Na hapo ndipo hofu inapomzuia. Kidonda cha tumbo huuma kwa kila kikohozi, kwa hiyo mwenye hofu hupumua juu juu, kamasi hutuama mapafuni, na kichomi hupata nafasi.

Kwa matumbo kuna mzunguko mwingine. Baada ya kushikwashikwa na mikono ya mpasuaji matumbo hulala. Kwa kawaida utumbo mwembamba huamka katika muda wa siku moja, mfuko wa chakula katika siku moja hadi mbili, na utumbo mpana katika siku mbili hadi tatu. Ndiyo sababu daktari mwenye heshima zake humwuliza mzee wa watu, bila kutabasamu, kama ameshatoa upepo. Jibu la ndiyo ni habari njema kuliko kipimo chochote cha maabara. Sasa, mgonjwa mwenye hofu nyingi huumwa zaidi. Anayeumwa zaidi hupewa mofini zaidi. Na mofini, pamoja na wema wake wote, huyazuia matumbo kuamka. Tumbo hujaa hewa, huvimba, huuma, na hofu huongezeka.

Kikombe cha chai kilichofichwa

Hakuna mahali ambapo ukosefu wa maelezo huwa hatari kama katika suala la kufunga kabla ya upasuaji. Mgonjwa huambiwa asile, basi. Haambiwi kwa nini. Mwenye njaa na hofu, ambaye dada yake amemletea uji kwa huruma, hunywa kidogo na kunyamaza, akidhani ameivunja kanuni ya hospitali kama zile kanuni nyingine za saa za kutazama wagonjwa.

Sababu yenyewe ni hii. Mtu aliyepewa dawa ya usingizi hupoteza kikohozi na ule mshtuko wa koo unaozuia chakula kuingia katika njia ya pumzi. Kilichomo katika mfuko wa chakula kikipanda, huteremka mapafuni pamoja na asidi yake. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza ajali za namna hiyo zilizowapata akina mama 66 wakati wa kujifungua, kati ya wazazi 44,016. Tangu hapo kufunga kulisisitizwa kila mahali, na baadaye kukazidishwa mno. Miongozo ya sasa ya wataalamu wa usingizi huruhusu maji matupu hadi saa 2 kabla ya upasuaji uliopangwa, na chakula chepesi hadi saa 6 kabla. Kumlaza mtu bila tone la maji tangu saa sita ya usiku hadi alasiri ya pili yake ni kumwongezea kiu na fadhaa bila faida. Lakini miongozo hiyo haimhusu mwenye utumbo ulioziba wala aliyeletwa kwa dharura, kwani mfuko wake wa chakula hautoi kilichomo hata akifunga siku nzima. Huyo hufuata amri ya daktari wake peke yake. Inafaa kuongeza kwamba aliyekula kwa siri na akakiri hapotezi kitu ila saa chache za kungoja, na pengine hata hizo hazipotezi.

Jaribio la Boston

Mwaka 1958 mwanasaikolojia Irving Janis wa chuo cha Yale alitoa kitabu kuhusu wagonjwa wanaongoja kupasuliwa. Aliwagawa katika mafungu matatu: wenye hofu nyingi, wenye hofu ya kadiri, na wasio na hofu. Aliona kuwa wenye hofu ya kadiri ndio waliotulia zaidi baada ya upasuaji. Wasiokuwa na hofu walikuja kukasirika, wakiona wametendewa hila, maana hawakuyatazamia maumivu. Janis alisema kuwa wasiwasi wa kadiri ni kazi inayofanywa na akili kujiandaa. Fikra hiyo ilipendwa sana, nayo inapendeza kweli. Hata hivyo wachunguzi waliomfuata katika miaka ya 1970 hawakuyaona mafungu yale matatu kama alivyoyaona yeye. Wengi wao walikuta mstari ulionyoka: aliyeogopa zaidi kabla ndiye aliyeogopa zaidi baada. Kilichobaki imara katika kazi ya Janis ni lile neno lake la pili, kwamba anayejua kitakachompata hustahimili vizuri kuliko anayeshtukizwa.

Neno hilo lilijaribiwa kwa vitendo katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, na matokeo yalichapishwa mwaka 1964 na mtaalamu wa usingizi Lawrence Egbert na wenzake. Walichukua wagonjwa 97 waliokuwa wakienda kupasuliwa tumbo. Wote walitembelewa na mtaalamu wa usingizi usiku wa kuamkia upasuaji. Lakini 46 kati yao walielezwa zaidi: kwamba wataumwa, mahali watakapoumwa, muda wa maumivu, na kwamba maumivu hayo hutokana kwa sehemu na misuli ya tumbo inayojikaza chini ya mshono. Walifundishwa kuilegeza misuli hiyo kwa kuvuta pumzi polepole, na kugeuka kitandani kwa kutumia mikono na miguu badala ya tumbo. Wapasuaji hawakujulishwa ni mgonjwa yupi aliye katika kundi lipi. Wale 46 walitumia kiasi cha nusu tu ya dawa kali za maumivu ikilinganishwa na wenzao 51, na wapasuaji wao waliwaruhusu kurudi nyumbani siku 2.7 mapema zaidi kwa wastani.

Hakuna kilichoongezwa ila maneno. Kwa hesabu ya kitanda cha hospitali, siku 2.7 kwa kila mgonjwa ni mali nyingi. Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa kila jaribio limeleta faida ya ukubwa huo. Mapitio ya tafiti zaidi ya 100 yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba maandalizi ya namna hiyo yanaelekea kupunguza maumivu na kuufupisha muda wa kulazwa kwa nusu siku hivi. Na waandishi walionya kuwa nyingi kati ya tafiti hizo hazikufanywa kwa ubora wa kutosha. Nusu siku ni ndogo kuliko siku 2.7, lakini siku hizi wagonjwa hukaa hospitali muda mfupi kuliko mwaka 1964, kwa hiyo hata cha kupunguza kimepungua.

Je, vidonge vya kutuliza havitoshi? Desturi ya kumlevya mgonjwa kabla ya kisu ni ya kale, tena si ya Ulaya peke yake. Mwaka 1879 msafiri Robert Felkin alishuhudia katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo, mganga wa jadi akimpasua tumbo mama aliyeshindwa kujifungua; mama huyo alinyweshwa kwanza pombe ya ndizi, na pombe hiyo hiyo ikatumika kuoshea mikono na tumbo. Mama alipona. Dawa za kisasa za kutuliza zina kazi yake, lakini mwaka 2015 ilichapishwa taarifa kutoka Ufaransa ya wagonjwa 1,062 waliogawanywa kwa kura: wengine walipewa kidonge cha lorazepamu kabla ya upasuaji, wengine kidonge kisicho na dawa, na wengine hawakupewa kitu. Waliopewa dawa hawakuiona siku yao ya upasuaji kuwa bora kuliko wenzao, na walichelewa zaidi kuzinduka. Kidonge humlaza mgonjwa. Hakimwambii kuwa mpira atakaoukuta puani si dalili ya mambo kuharibika.

Yanayosemwa kitandani

Maelezo yanayofaa si hotuba. Mwuguzi husogea karibu na kitanda jioni, wakati jamaa bado wapo, kwa sababu katika nchi zetu nyingi mgonjwa hapasuliwi peke yake, na mjomba asiyeelewa aweza kuubomoa utulivu wote uliojengwa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." "Mzee, kesho asubuhi tutakupeleka chumba cha upasuaji. Utachomwa sindano mkononi na utalala. Hutasikia kisu. Kuna mtaalamu ambaye kazi yake ni kukaa kichwani pako tangu mwanzo hadi mwisho akiangalia pumzi zako. Ukiamka utakuta mpira puani. Huo ni wa kutoa maji ya tumboni, na tutauondoa. Kidonda kitauma, hasa ukikohoa. Kanga hii ikunje, iweke juu ya kidonda, ibane kwa mikono miwili, ndipo ukohoe. Hebu jaribu sasa." Kisha humwuliza: "Na wewe mzee, ni kitu gani kinachokutia wasiwasi zaidi?" Aghalabu jibu huwa kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: nani atakayekamua ng'ombe, au kama ni kweli kwamba matumbo hutolewa nje yakaoshwa kwenye beseni.

Kuna maneno ambayo hayatulizi, ijapokuwa husemwa kwa nia njema. "Hutasikia maumivu yoyote" ni uongo utakaogunduliwa kesho yake, na baada ya hapo mgonjwa hataamini hata lililo kweli. "Usiogope" ni amri isiyotekelezeka.

Hospitali nyingi duniani sasa zimeyaingiza maelezo ya kabla katika utaratibu mzima wa upasuaji wa matumbo. Chanzo kikubwa ni kazi ya mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, katika miaka ya 1990. Aliunganisha mambo ambayo kila moja peke yake lilikuwa dogo: kumweleza mgonjwa ratiba ya kila siku, kupunguza mofini kwa kutumia dawa ya ganzi mgongoni, kumlisha mapema, kumsimamisha siku ile ile. Mwaka 1999 yeye na mwenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 16 waliokatwa sehemu ya utumbo mpana, ambao kwa kawaida wangekaa hospitali wiki nzima au zaidi. Kwa utaratibu huo walikaa siku 2 hivi. Kwa wanaohitaji tundu la haja, mwuguzi huchora alama ya mahali pake siku moja kabla, mgonjwa akiwa amesimama, ameketi na ameinama, ili mfuko usije ukaangukia kwenye mshipi wa suruali au mkunjo wa ngozi, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kupaona. Alama ile ya kalamu huchukua dakika chache. Mgonjwa aliyeshiriki kuichagua huamka akiwa anajua atakachokiona.

Ili kumtambua anayehitaji msaada zaidi, vipo vipimo vya maswali. Kile cha Charles Spielberger cha mwaka 1970 kina maswali 40: 20 kuhusu wasiwasi wa wakati huo na 20 kuhusu tabia ya mtu kwa jumla. Ni kizuri kwa utafiti, lakini kwa wodi yenye wagonjwa wengi ni kirefu mno. Kwa hiyo mwaka 1996 wataalamu wa Uholanzi walitunga kifupi chenye sentensi 6 tu, kila moja ikipewa alama kuanzia 1 hadi 5. Sentensi nne zinahusu wasiwasi juu ya usingizi na juu ya upasuaji. Mbili zilizobaki zinauliza jambo jingine kabisa: mgonjwa anataka kuelezwa kiasi gani? Wapo wanaotaka kujua kila uzi utakaopita. Wapo pia, wachache, ambao kila neno la ziada huwaongezea fadhaa, na hao huelezwa yale ya lazima tu: wasile, wakohoe, watembee. Ni nani aliye wa aina gani haijulikani kwa kumtazama usoni, bali kwa kumwuliza kabla ya kuanza kumweleza.